Muulize Mjomba: Balozi wa nyumba kumi na balozi wa Muscat

Mbukwenyi wasomaji. Wiki hii maswali mengi yaliyoingia ni ya ubalozi, sijui ndo msimu wa watu kusafiri au vipi, basi nimechagua matatu, na hilo la kwanza nitalikalia kidogo maana ni zito.

*Habari Mjomba. Mimi ni mama wa hapa Nkuhungu, Dodoma. Binti yangu alienda Oman mwaka jana kufanya kazi za ndani, alikuwa anapiga kila Ijumaa, sasa hivi ni wiki ya saba simu haipatikani. Aliyempeleka kila nikimpigia ananiambia mama vumilia. Majirani wakasema nenda kwa balozi, nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi akaniandikia barua. Hiyo barua inafika Oman?*

Pole sana mama. Na nyie wengine msicheke, kosa sio la mama, sisi wenyewe tumewapa watu wawili jina moja. Ila tofauti yao ni hii: balozi wa nyumba kumi anajua nani kalala kwako na nani kahama hata usipomwambia, yule wa Muscat, mji mkuu wa Oman, hajui kama binti yako yupo duniani mpaka mtu amwambie, na wengi wanapanda ndege bila kumwambia. Mimi mwenyewe nilikaa kule mwaka na nusu sijakanyaga ubalozini, nilienda siku nilipopoteza pasipoti, tena kwa aibu.

Hiyo barua haifiki Oman lakini usiitupe, itaonyesha wewe ndo mzazi. Panda gari uende Mtumba, Mji wa Serikali, Wizara ya Mambo ya Nje iko huko, huna haja ya kufunga safari ya Dar. Ulizia wanaoshughulikia diaspora na huduma za kikonseli, yaani za kusaidia raia wetu walio nje. Beba kopi ya pasipoti yake, kama huna hata picha yake kwenye simu, viza, mkataba kama aliuacha, jina la mwajiri na namba zake, na mji anaoishi. Hapo kwenye mji watu wanateleza sana, mtu anasema tu "yuko Oman", kumbe anaweza kuwa Salalah huko kusini ambako mpaka Muscat ni kama kilomita elfu moja, sasa wamtafutie wapi? Na zile voisi zake za mwisho usizifute, onyesha tarehe.

Wizara ikishapeleka taarifa, ubalozi unaweza kuuliza mamlaka za kule, kumtafuta mwajiri, na kama amekamatwa kuna Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 wa mahusiano ya kikonseli unaompa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, na maofisa wakaruhusiwa kwenda kumwona. Pasipoti ikiwa haipatikani wanaweza kumwandikia hati ya dharura ya kusafiria arudi nyumbani. Ila sitakudanganya mama, balozi hawezi kuvunja mlango wa mtu, hawezi kumtoa mahabusu kwa nguvu, wala hawi wakili wake mahakamani, yuko nchi ya watu na anafuata sheria za pale pale.

Na kitu kingine, kule kuna mfumo wanaita kafala, kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake, akitoroka anaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kesi ikamgeukia yeye. Kwa hiyo akikupigia leo usimwambie "kimbia tu", mwambie akitoka hapo aende moja kwa moja ubalozini au polisi, asiende kujificha kwa rafiki wa rafiki.

Huyo wa "mama vumilia" sasa. Nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama ana kibali cha kupeleka watu nje, na kama hana nenda polisi, tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Inawezekana kweli ni simu tu imenyang'anywa au imeharibika, nimeshaona hivyo, lakini wiki saba ni nyingi, kesho asubuhi uwe Mtumba.

*Mjomba niaje, niko Guangzhou kwenye biashara. Nina kiwanja Iyumbu, nataka mdogo wangu afuatilie hati, nimemtumia barua kwa WhatsApp wamemkatalia. Nifanyeje?*

Wako sahihi kumkatalia. Unachotaka ni hati ya uwakilishi, ile watu wanaita pawa ov atoni, na inasainiwa mbele ya ofisa wa ubalozi au konseli, yaani ubalozi mdogo. Bahati yako hapo Guangzhou tuna konseli yetu, huna haja ya kwenda Beijing. Ukishasaini tuma ile orijino, huku italipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa, na kama kiwanja ulipata enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mdogo wako abebe na karatasi zote za zamani, maana CDA ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda manispaa, ambayo sasa ndo jiji. Sasa sikiliza vizuri: andika "kufuatilia na kupokea hati", usiandike "kufanya lolote", mimi sina shida na mdogo wako lakini hapa Dodoma viwanja vimepanda bei na undugu sijui kama umepanda.

*Shikamoo Mjomba. Nasoma India, Punjab. Ubalozi wetu wa New Delhi umetangaza utakuja kukutana na Watanzania. Wenzangu wanasema ni hotuba na picha tu, niende?*

Marahaba mwanangu. Hotuba zitakuwepo na picha zitapigwa, hapo wenzako hawajakosea. Lakini uliza kwanza wanakuja na nani. Pasipoti hizi za kielektroniki zilizoanza 2018 zinataka alama za vidole, huwezi kumtuma mtu, kwa hiyo wakija na ofisa wa uhamiaji na mashine yake umeokoa treni ya kwenda Delhi na hela ya kulala. Halafu wanakuandikisha, jina, chuo, namba ya nyumbani, kuna na mfumo wa kidijitali wa wizara wa kusajili diaspora, ukishindwa waambie wakuonyeshe hapo hapo.

La tatu sipendi kulisema ila ndo ukweli. Mwenzenu akifariki, ubalozi unashughulika na makaratasi ya kusafirisha mwili, lakini hela mara nyingi inatoka kwenye mchango wa Watanzania wenyewe, na mchango unasukumwa na watu waliowahi kukaa meza moja wakala ugali. Asiyejulikana na mtu mchango wake unakwenda taratibu sana.

Kwa hiyo nenda, na ukipewa maiki usiseme "tunashukuru kwa ujio wenu" ukakaa, uliza pasipoti inachukua muda gani, uliza namba ya dharura ya usiku ni ipi na nani anaipokea. Na kabla hujatoka hosteli fungua pasipoti yako uangalie imebaki miezi mingapi.