Nusukaputi na mayai ya uzazi: wasomaji wauliza

Nina miaka 34, naishi Mwanza. Wiki mbili zijazo nitatolewa mayai kwa ajili ya IVF, yaani kutungishwa mimba maabara. Mama mkwe anashikilia kwamba nusukaputi huua mayai, na rafiki yangu alitolewa kwa ganzi tu. Nichague ipi?

Dada, mama mkwe hakuokota maneno hayo jalalani. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, alizaliwa Uingereza Julai 1978, na zama hizo mayai yalitolewa kwa kutoboa tumbo. Mwanamke alilazwa usingizi kamili na tumbo lake likajazwa gesi. Gesi ikiwa kaboni dioksidi, majimaji yanayozunguka yai huongezeka asidi, na yai halipendi asidi.

Siku hizi sindano hupita kwenye ukuta wa uke ikiongozwa na ultrasaundi, kazi ya dakika 15 hadi 30. Kliniki nyingi hutumia propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, pamoja na fentanili kidogo, dawa kali ya maumivu: unasinzia huku ukipumua mwenyewe. Propofoli huingia kweli kwenye folikali, vile vifuko vya majimaji vinavyobeba mayai, na kadiri muda unavyosonga ndivyo kiwango chake kinavyopanda. Ndiyo maana timu makini haikulazi mpaka daktari awe ameketi tayari na sindano imeshaunganishwa na pampu ya kuvuta mayai. Hata hivyo, yai likishatolewa huoshwa na kuwekwa kwenye majimaji safi ya maabara, na tafiti zilizolinganisha usingizi wa aina hii na ganzi hazijaonyesha kwamba mojawapo inaishinda nyingine wazi wazi katika kushika mimba.

Ganzi ya kuzunguka mlango wa kizazi inafaa pale folikali zinapokuwa chache na ovari zinafikika kirahisi. Lignokeini, dawa ya ganzi yenyewe, isizidi miligramu 200, yaani mililita 20 za dawa ya asilimia 1. Ila haifiki vizuri kwenye ovari zenyewe, kwa hiyo utasikia maumivu sindano ikiingia huko. Ganzi ya mgongo huondoa maumivu, lakini miguu huchelewa kurudi na kukojoa huwa kazi.

Sisi tungesema: folikali zikiwa nyingi, lala. Mshipa mkubwa wa damu wa nyonga ukionekana kwenye skrini kwa mkato wa upana hufanana sana na folikali, na mgonjwa akishtuka sindano ikiwa jirani na mshipa huo, damu ya ndani hukusumbua kuliko propofoli yoyote.

Usile kwa saa 6 kabla. Uji na chai ya maziwa ni chakula. Maji na chai ya rangi isiyo na maziwa huruhusiwa mpaka saa 2 kabla, kliniki yako isipokuambia vingine. Ukikoroma sana usingizini au una kiungulia kikali, mwambie daktari wa usingizi mapema, si ukiwa tayari kitandani.

Nilionekana na folikali 14, yakapatikana mayai 6. Je, usingizi ulikuwa mwepesi mno? — Msomaji, Mombasa

Inawezekana: ukijitingisha, daktari huiacha ovari iliyo mbali. Lakini anzia kwenye saa. Sindano ya mwisho ya kukomaza mayai hutangulia utoaji kwa saa 34 hadi 36. Ukichomwa Jumatatu saa 4 usiku, utoaji ni Jumatano saa 4 asubuhi. Ukichomwa kwa kuchelewa, mayai hubaki yameng'ang'ania ukuta wa folikali; utoaji ukichelewa mno, yanaweza kuwa yameshatoka yenyewe. Dawa iliyochanganywa vibaya huleta hasara ileile. Tena, folikali ndogo, chini ya milimita 12 hivi, mara nyingi hazitoi yai lililokomaa.

Halafu uliza kuhusu pampu. Wengi huvuta kwa milimita 100 hadi 120 za zebaki. Nguvu ikipungua, yai hubaki nyuma. Ikizidi, huchubuliwa seli zinazolifunika na ganda lake laweza kupasuka.

Jambo ambalo wagonjwa hawaliulizi ni joto. Ndani ya yai kuna nyuzi zinazopanga kromosomu, nazo huanza kulegea yai likipoa kwa dakika chache tu. Mirija ya kupokelea majimaji inapaswa kukaa kwenye kifaa chenye nyuzi joto 37, na maabara iwe mlango wa pili, si jengo la pili. Kiyoyozi kikali cha chumba cha upasuaji kinamfaa daktari, hakilifai yai.

Naweza kujifukiza udi kabla ya kwenda? — Msomaji, Zanzibar

Subiri. Udi, marashi na dawa ya kunyunyiza nywele hutoa mvuke usiotakiwa karibu na viinitete. Piko nyeusi na rangi ya kucha huvuruga kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Acha walau kidole kimoja kitupu. Na usishangae uke ukisafishwa kwa maji ya chumvi badala ya iodini: iodini ikibaki hudhuru yai.

Ukirudi nyumbani tumia parasetamoli, usiendeshe gari kwa saa 24. Pedi ikilowa ndani ya saa moja, homa ikifika 38, tumbo likijaa huku mkojo ukipungua au pumzi ikibana, rudi hospitali usiku huohuo.