Uliza Jikoni: Moto wa mkaa kwa anayeanza kuchoma

Kaskazi imeanza kuvuma pwani, shule zimefungwa, na familia nyingi zinatoa majiko nje. Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaochoma kwa mara ya kwanza au ya pili, nami nimezisoma kwa furaha, kwa kuwa kuchoma ni upishi ambao mtu hujifunza upesi akishauelewa moto. Wengi wameuliza kuhusu viungo. Majibu yangu mengi yatawarudisha kwenye mkaa, kwa sababu huko ndiko nyama inakoharibikia.

Shikamoo mama. Nimenunua jiko la pipa lililokatwa nusu. Jumapili iliyopita niliwasha mkaa kwa mafuta ya taa, moto ukapanda vizuri, nikapanga vipande vya kuku. Baada ya dakika kumi nje vilikuwa vyeusi, ndani vinatoa damu, na vyote vilinuka mafuta ya taa. Nilikosea wapi? — Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu. Ulianza kuchoma wakati moto ulikuwa bado unawaka, na hapo ndipo karibu kila anayeanza hukosea, kwa sababu miali hutupa matumaini kwamba jiko liko tayari. Miali haipiki nyama. Huibabua juu na kuipaka masizi. Kinachopika ni joto la makaa yaliyokwisha kushika na kutulia.

Acha mafuta ya taa. Hapo Tanga hamkosi vifuu vya nazi: tandika karatasi chini, weka vifuu vikavu vichache juu yake, kisha rundika mkaa kama kichuguu, uwashe kutoka chini. Usiutawanye mkaa mapema, kwa kuwa vipande vilivyokaribiana ndivyo vinavyoambukizana moto. Subiri dakika 20 hadi 30. Mwanzoni utaona moshi mzito, halafu miali, halafu miali itazama na kingo za makaa zitaanza kupauka. Makaa mengi yakishavaa jivu jeupe huku ndani yanang'aa rangi ya chungwa, jiko lako limeiva. Wakati huo weka kiganja juu ya wavu, kama sentimita 12 hivi, uhesabu polepole: ukilazimika kuutoa mkono kwenye mbili au tatu, moto ni mkali, ukifika tano au sita, ni wa wastani, ukipita nane, ni mdogo.

Sasa fanya jambo ambalo ningependa kila msomaji wangu alishike: sukuma makaa yote upande mmoja wa pipa, uache upande wa pili mtupu. Kuku wako aanze upande mtupu, ngozi ikitazama juu, nawe umfunike kwa kipande cha bati safi au sufuria kubwa iliyopinduliwa ili joto limzunguke. Paja na mguu wa kuku wa kisasa vitahitaji dakika 35 hadi 45 kwa namna hii. Vikikaribia kuiva, vihamishie juu ya makaa kwa dakika chache, ngozi chini, mpaka ngozi ikauke na kuwa ya kahawia. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, vuta kipande kwa koleo ukirudishe upande mtupu. Usimwagie maji, kwa maana maji hurusha majivu juu ya chakula, na mvuke wake unaweza kukuunguza mkono.

Kuhusu damu ya ndani, rangi peke yake si shahidi wa kuaminika, hasa karibu na mfupa. Kipimajoto cha nyama ni kifaa kidogo ambacho ningekishauri kabla ya jiko la pili au seti ya visu: kichome sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, na kuku awe amefika nyuzi 74 za Selsiasi. Nyama ya kusaga ifike 71, samaki 63.

Mama, mishikaki yangu haina msimamo. Mara ya kwanza ilikuwa migumu haitafuniki. Mara ya pili nikaweka papai bichi usiku kucha, ikawa laini mno hata ikawa inamong'onyoka kwenye kijiti. Nitumie dawa gani? — Msomaji, Dodoma

Papai lenyewe ni zuri, ila ulilipa muda mrefu kupita kiasi. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukatakata protini za nyama, na hakijui kusimama kikishalainisha kiasi unachotaka. Kwa kilo moja ya nyama, kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokwaruzwa kinatosha, na saa moja inatosha pia. Viungo vingine, yaani tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga na mafuta kidogo, unaweza kuviacha kwenye nyama tangu jana yake ndani ya friji, kisha papai uliongeze siku ya kuchoma. Ndimu nayo isikae usiku kucha, kwa kuwa ukali wake huigeuza nyama juu kama iliyopikwa na kuifanya iwe ya ungaunga.

Hata hivyo, ninashuku kwamba ugumu wa mara ya kwanza ulianzia buchani. Mwambie muuza nyama unataka steki ya mishikaki, na ikiwa mfuko unaruhusu, sarara. Nyama ya mguu wa mbele ni tamu kwenye mchuzi unaochemka saa mbili, lakini dakika kumi za mkaa haziwezi kuilegeza. Ukifika nyumbani, itazame nyama kwa karibu kabla ya kuikata: utaona nyuzi zake zimelala upande mmoja, kama nyuzi za ukili. Kisu kipite kukingama na nyuzi hizo, usikate kuzifuata, na vipande viwe vya sentimita 3 kila upande. Vipande vidogo zaidi ya hapo hukauka kabla havijapata rangi. Usivibane sana kwenye kijiti. Acha mwanya mdogo ili joto liingie ubavuni. Mishikaki ni moja ya vitu vichache vinavyotaka makaa makali moja kwa moja, dakika 8 hadi 10 kwa jumla, ukigeuza mara kwa mara.

Vijiti vyangu vya mianzi vinaungua kabla ya nyama kuiva. — Msomaji, Morogoro

Viloweke kwenye maji kwa nusu saa au zaidi, na ncha zisizo na nyama zitokeze nje ya wavu. Ukiwa unachoma kila mwezi, nunua vya chuma bapa. Nyama haizunguki juu yake unapogeuza.

Hujambo mama. Sisi huku kwetu tunapenda mbuzi. Nataka kuchoma mguu mzima kwa ajili ya wageni kumi. Nitie viungo gani, na nianze saa ngapi? — Msomaji, Nakuru

Sijambo, ndugu yangu. Kwa mbuzi mzuri, chumvi. Nakuomba uamini hivyo angalau mara hii ya kwanza, kwa sababu nyama ya mbuzi ina ladha yake, na anayeanza akiifunika kwa unga wa viungo vitano hatajua kama moto wake ulikuwa sawa. Yeyusha chumvi katika maji ya vuguvugu na uwe unainyunyizia nyama inapoiva, kama wafanyavyo wachomaji wengi wa huko kwenu.

Muda ndio mtihani. Mguu mzima unataka moto mdogo, ule wa kuhesabu nane, kwa saa moja na nusu hadi saa mbili, ukigeuzwa kila baada ya robo saa. Mkaa wa mwanzo hautafika mwisho. Kwa hiyo uwe na jiko dogo pembeni unakowashia mkaa mwingine, uuongeze ukiwa umeshika tayari. Ukitupia mkaa mbichi chini ya nyama, moshi wake wa mwanzo utaingia kwenye chakula. Ikiwa wageni wanakula saa nane mchana, moto uwashwe saa nne na nusu au saa tano kamili, na nyama itoke robo saa kabla ya kukatwa. Mapumziko hayo huufanya mchuzi wake utulie ndani. Ukiikata ikiwa inatoka motoni, mchuzi mwingi utabaki kwenye ubao. Robo saa hiyo ndiyo ya kukatakata kachumbari na kusonga ugali.

Shikamoo. Nikichoma samaki aina ya changu, ngozi yote inabaki kwenye wavu. Nifanyeje? — Msomaji, Mombasa

Marahaba. Mkaushe samaki wako kwa kitambaa safi mpaka ngozi isiteleze maji, ndani na nje, kisha mpake mafuta yeye badala ya kuumwagia wavu. Wavu wenyewe usuguliwe kwa brashi ukiwa wa moto, halafu upanguswe kwa nusu ya kitunguu maji kilichochomwa uma na kuchovywa kwenye mafuta. Mlaze samaki juu ya moto wa wastani na usimguse. Mwanzoni ngozi hushika chuma. Ikishakauka na kuiva huachia yenyewe. Ingiza mwiko chini ya mkia: ukiona anainuka bila kukwaruza, mgeuze, ukiona anavuta, mpe dakika mbili tena. Changu wa nusu kilo aliyechanjwa mara tatu ubavuni huchukua kama dakika 7 kila upande.

Ukitaka kumfanya wa kupaka, pika tui zito pembeni pamoja na ukwaju, kitunguu saumu, bizari na pilipili mpaka lishike mwiko, na ulipake samaki akiwa amekaribia kuiva. Tui likipakwa mapema huungua kabla ya samaki, na vivyo hivyo kwa rojo lolote lenye sukari au asali.

Shikamoo mama. Huku Oman baridi ndiyo majira ya kwenda ufukweni na jangwani kuchoma mishkak, ambayo bibi yangu wa Unguja husema ni mishikaki ileile. Tunasafiri saa moja na nusu na nyama kwenye gari. Je, ni salama? — Msomaji, Muscat

Marahaba, na bibi yako nisalimie sana. Nyama mbichi na iliyopikwa isikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, isizidi saa 1. Gari lililosimama juani hupita kiwango hicho hata siku ambayo nje kuna upepo mzuri. Fungeni nyama vizuri, muiweke kwenye deli lenye barafu ya kutosha chini na juu, na vinywaji vikae kwenye deli jingine, kwa sababu la vinywaji hufunguliwa kila mara na watoto.

Kuku msimwoshe, maji yanayoruka hueneza vijidudu vyake kwenye vyombo na kachumbari, na moto ndio utakaoviua. Sahani iliyobeba nyama mbichi isipokee iliyoiva. Chukueni sahani mbili za rangi tofauti, na asiyeshika koleo aambiwe ipi ni ipi.

Tunaishi ghorofani, na mvua ikinyesha huingiza jiko la mkaa jikoni tukafungua dirisha. Kuna ubaya? — Msomaji, Dar es Salaam

Upo, na ni mkubwa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na dirisha moja lililofunguliwa halitoshi kuiondoa. Huanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito, na watu hufa humo wakidhani wamechoka. Jiko linaloonekana kuzimika, lenye makaa mekundu chini ya jivu, bado linaitoa, kwa hiyo msiliingize ndani hata baada ya kula. Mvua ikinyesha, malizieni nyama kwenye oveni au kikaango, na makaa yamwagiwe maji nje mpaka yaache kufoka.