"Duka la Mbao" ni Karakana: Majina ya Idara katika Shule ya Marekani ya 1958

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Naishi Ohio, Marekani. Shule ya sekondari wanakosoma watoto wangu imeniomba nitafsiri maelezo ya picha za kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1958, ili wazazi tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania tuweze kuyasoma kwenye maonyesho ya historia ya shule. Kitabu kimepangwa kwa kufuata idara. Hadi sasa nimeandika "Kitivo cha Sanaa za Lugha", "Kitivo cha Sanaa za Viwanda", "Kitivo cha Uchumi wa Nyumbani", na chini ya picha moja, "Duka la Mbao". Mzazi mwenzangu wa Bukavu anasema kitivo si neno lake, niandike seksio. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kazi uliyopewa ni nzito kuliko inavyoonekana, maana majina haya yalitungwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani, na kila neno humo limebeba historia yake. Nianze na hilo duka.

Itazame tena picha yenyewe. Bila shaka utaona wavulana wamesimama kwenye meza nzito zenye jiliwa, mmoja ameshika randa, mwingine msumeno, na hakuna anayeuza wala anayenunua. Kiingereza cha Marekani kina neno moja, "shop", kwa mahali pa kuuzia na mahali pa kutengenezea. Sisi tunayo mawili, na hayachanganyikani. Panapouzwa ni duka. Panapotengenezwa ni karakana. Neno karakana lenyewe asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni nyumba ya kazi. Andika basi "Karakana ya Useremala". Ukikutana na ya vyuma, "Karakana ya Vyuma". Ya magari, "Karakana ya Magari". Najua wengi wangesema gereji, lakini gereji ni biashara ya mtu, na pale wanafunzi walikuwa wanajifunza.

Sasa twende kwenye sanaa, ambako ndiko tatizo lako kubwa liliko. Umeliona neno "Arts" katika majina mawili ya idara, ukaandika sanaa mara mbili. Kwa Wamarekani neno hilo limetoka Kilatini, ambako lilimaanisha ustadi wa aina yoyote: wa kuchonga, wa kusema, wa kuponya. Ndiyo maana wao wanaweza kulibandika kwenye lugha, kwenye mbao na kwenye uchoraji bila kuona ajabu. Sanaa yetu nayo ilianzia karibu na hapo. Tumeitoa katika Kiarabu, na mzizi wake huko ni wa kutengeneza kitu. Waarabu wa leo bado wanautumia kutaja viwanda. Lakini Kiswahili kimeipeleka sanaa upande wa uzuri: uchoraji, uchongaji, ngoma, maigizo, ushairi. Mswahili akisoma "Sanaa za Viwanda" anawaza michoro kwenye ukuta wa kiwanda.

Kwa hiyo usitafsiri neno, tafsiri kinachofanyika chumbani. "Industrial Arts" ni "Idara ya Ufundi", basi. Usiongeze "stadi" hapo, na sababu ninayo. Shule za Marekani za wakati huo zilikuwa na mambo mawili yanayofanana kwa macho. La kwanza ni hilo la ufundi wa jumla, ambapo mvulana yeyote, hata anayeelekea chuo kikuu, alijifunza kutumia zana, kusoma mchoro na kutengeneza kiti au taa ya mezani. La pili ni mafunzo ya kumwandaa kijana kwa kazi maalumu, yaliyopata fedha za serikali kuu tangu sheria ya mwaka 1917 iliyosaidia kilimo, kazi za viwandani na masomo ya nyumbani. Hili la pili ndilo Mtanzania analiita mafunzo ya ufundi stadi, kama ya VETA, mamlaka ya mafunzo hayo nchini Tanzania. Ukiyachanganya, msomaji atadhani kila kijana aliyeshika randa alikuwa anaandaliwa kuwa seremala.

"Language Arts" hazina sanaa hata kidogo. Walimu wetu wa Kiswahili wamekuwa wakizungumzia stadi za lugha miaka yote: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Hizo ndizo zinazokusudiwa, pamoja na fasihi. Hata hivyo mimi ningeandika "Idara ya Kiingereza", kwa sababu shule hizo kwa kawaida zilikuwa na idara nyingine ya lugha za kigeni, yaani Kilatini, Kifaransa, Kihispania au Kijerumani, na "Idara ya Lugha" ingemwacha mzazi hajui ni ipi. Sanaa libakize kwa wachoraji na wafinyanzi wa kitabu chako, na "sanaa za maonyesho" kwa picha za jukwaani.

"Uchumi wa Nyumbani", yaani "Home Economics", nakuomba ulifute kabisa. Jina letu lipo na ni zuri kuliko la Kiingereza: sayansi kimu. Kukimu ni kutosheleza mahitaji. Ndilo neno tunalolisikia katika posho ya kujikimu. Wakenya wengi watasema sayansi ya nyumbani, nalo linaeleweka. Napenda kwamba yote mawili yanaanza na sayansi, kwa kuwa ndivyo waasisi wa somo hilo walivyoliona. Ellen Swallow Richards, aliyeongoza mikutano ya somo hilo huko Lake Placid, New York, kuanzia 1899, na chama chake cha kitaifa kilichozaliwa 1909, alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kuhitimu chuo cha MIT, mwaka 1873. Alitaka maji, chakula na hewa ya nyumbani vipimwe kwa maarifa ya maabara. Kufikia miaka ya hamsini somo hilo lilikuwa limeachiwa wasichana, kama karakana ilivyoachiwa wavulana, na picha zako zitaonyesha hivyo. Lakini cherehani na majiko ya pichani yasikufanye ulishushe jina lake.

Nimefika kwa ubishi wako na mzazi wa Bukavu. Kwa jina la kurasa hizo, nyote mmekosea, lakini yeye amegusa jambo la maana.

Kitivo ni cha chuo kikuu. Kina mkuu wake, na ndani yake mna idara kadhaa. Shule ya sekondari ina idara tu, na hivyo ndivyo tunavyosema Nairobi na Dar es Salaam: mkuu wa idara ya hisabati, mkuu wa idara ya lugha. Ila idara ni ya walimu. Mwanafunzi hawi "wa idara". Yule kijana wa 1958 aliweza kuanza asubuhi na aljebra, akaenda kupiga taipu, akamalizia na kwaya; amepita idara tatu siku moja na hakuna hata moja inayomhesabu kuwa mtu wake.

Seksio ya Kongo ni kitu kingine, nayo ni ya mwanafunzi. Mkongomani akiulizwa "ulisoma seksio gani?" anajibu ya sayansi, ya ualimu, ya biashara. Mtanzania kwa hilo ana mchepuo: mchepuo wa kilimo, wa biashara, wa ufundi, wa sayansi kimu. Je, Marekani ya wakati huo ilikuwa nayo? Shule nyingi zilikuwa nayo: njia ya wanaojiandaa kwa chuo, njia ya biashara, njia ya ufundi, na ya wale wa jumla. Na palikuwa na mjadala mkali juu yake. James B. Conant, aliyewahi kuwa rais wa Harvard, alizungukia shule katika majimbo mengi, na katika ripoti yake ya 1959 akashauri wanafunzi wasigawanywe kwa njia zenye majina ya namna hiyo, ila kila mmoja awe na ratiba yake. Kwa hiyo kama ukurasa unataja walimu na masomo yao, andika idara. Kama unataja kundi la wanafunzi wanaoelekea mahali fulani, andika mchepuo, na uongeze "au seksio" kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Huyo mzazi mwenzako atafurahi.

Mengine niyapitie haraka. "Social Studies" ni Maarifa ya Jamii. Humo mna historia, jiografia na uraia, na usithubutu kuita uraia "siasa", kwani Mtanzania aliyesoma zamani atakumbuka somo jingine kabisa, lile la Siasa la wakati wa Ujamaa. Idara ya Biashara itakuwa na upigaji taipu, hati mkato na utunzaji wa hesabu. Shule yenyewe iite ya sekondari, au ya upili kama wasomaji ni Wakenya, lakini usiandike "hai skuli": Mtanzania atawaza kidato cha tano na sita, wakati ile kwa kawaida huanzia darasa la tisa. Ukiwahi kupewa vitabu vya miaka ya sitini, huenda ukakuta "maabara ya lugha". Hiyo ilienea kwa fedha za sheria ya 2 Septemba 1958, iliyozaliwa na hofu baada ya Warusi kurusha satelaiti ya Sputnik. Kwa sheria hiyohiyo Kiswahili kilipata kufundishwa katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani.

Muziki siwezi kuupita haraka. Bendi ya shule inayotembea ikipiga matarumbeta ina jamaa yake pwani yetu: ngoma ya beni, iliyochukua jina na magwaride kutoka kwa bendi za kijeshi. Usiandike beni, lakini "bendi ya matarumbeta" itawagusa wasomaji wako mara moja. Wala usiandike "burudani", kama nilivyoona wengine wakifanya. Katika shule ya DuSable, Chicago, iliyofunguliwa 1935 kwa watoto weusi wa upande wa kusini, Walter Dyett alifundisha muziki kwa ukali wa mwalimu wa hisabati, na kwake wakatoka wapigaji saksafoni kama Gene Ammons na Johnny Griffin. Hiyo ni Idara ya Muziki, iandikwe hivyo kwa herufi kubwa, sawa na Idara ya Sayansi.

Kwa ile picha ya mwanzo, mimi ningeandika hivi: "Wanafunzi wa darasa la kumi wakipiga randa katika Karakana ya Useremala, Idara ya Ufundi, 1958."