Madogo wa rangi, sila sio Blue Band

Jamani madogo tuongee. Kila gereji ninayopita siku hizi nakuta injini imeshashushwa, boneti iko wazi, na dogo kainamia mle ndani anapaka sila, ile dawa nzito ya kuziba maungio ya bodi, juu ya sila ya zamani, juu ya vumbi, juu ya oili, anasawazisha kwa kidole kama yuko na mkate wa chai, halafu anasimama anajipiga picha. Mvua mbili tatu tu rangi inabanduka kwenye maungio na mteja huyo getini. Mnanichosha, ila nawapenda, kwa hiyo someni.

1. Piga picha kabla hujagusa kitu, kila kona. Kiwandani hawakuziba kila mwanya, na walipoacha wazi walikuwa na sababu. Hii ndiyo iliyoniumiza, nitairefusha, mwenye haraka arukie namba mbili moja kwa moja.

Ilikuwa Mark II GX100, mteja mstaarabu kweli, anataka chumba cha injini king'ae. Nikasema hapa ndo wataujua ufundi wangu. Nikaziba kila nilichokiona, nikafika kule chini ya waipa, ule mfereji unaopokea maji ya kioo cha mbele, mwishoni kabisa kuna tundu la kushushia maji nyuma ya mudgadi, mi nikaona limekaa vibaya, kutu imelila pembeni, nikalijaza sila nikalilainisha. Pande zote mbili, maana mimi ni mtu wa haki. Gari ikatoka, watu wanasifia, nikajinunulia soda.

Masika yakaingia. Simu: "Fundi, zulia la upande wa abiria linanuka." Bila hata kwenda kuangalia nikasema hiyo ni kioo, maana kilitolewa wakati wa rangi na kikarudishwa na fundi mwingine. Fundi wa vioo akaitwa, akabisha, nikambishia zaidi, akakitoa akakifunga upya bure huku ananung'unika. Mvua ikapiga, maji yaleyale. Nikamsema tena, safari hii mbele ya vijana wake! Ndipo dogo mmoja wa spana, wala hana habari na mambo ya rangi, akachukua ndoo akamwaga maji pale kwenye waipa, akachungulia chini ya mudgadi, akasema "kaka, huku hakitoki kitu." Maji yalikuwa yanajaa mle mpaka yanafika tundu la kuvutia hewa la bloa, ile feni ya hewa ya ndani, yanateremka nalo hadi miguuni kwa abiria. Nikachoma sila kwa bisibisi, maji yakatoka shwaa, na mimi sina pa kuweka uso. Bloa ilishakufa, nikainunua mimi. Zulia nikalianika mimi. Fundi wa vioo mpaka leo tukikutana ananiuliza kama nyumbani nimeshaziba na bomba la bafuni.

2. Sila iliyopasuka au kuinuka itoke yote. Ile ya kiwandani ni PVC, yaani plastiki, iliyookwa, ipashe joto taratibu uikwangue, usiiunguze, moshi wake sio wa kuvuta. Ukiikimbilia na grenda inayeyuka inakurukia usoni. Iliyoshika vizuri iache, hulipwi kwa kubomoa.

3. Kutu kwanza, msasa, futa mafuta kwa dawa yake (sio petroli ya kwenye chupa ya maji, wewe!), praima ya epoksi, sila, rangi. Na pati, ile ya kusawazishia mabonde ya bodi, usijazie maungio, pati haipindi, pale juu ya shokomzoba bodi inajinyonga kila shimo la barabara, lazima ipasuke.

4. Silikoni ya bafuni nikikukuta nayo tutakosana. Rangi inakimbia inafanya macho macho, vishimo vya duara, ukipiga tena inafanya tena.

5. Ngoja ikauke. Sila ya 1K, ile isiyochanganywa na hadina, inakaushwa na unyevu wa hewa, kuanzia juu kwenda ndani, kwa hiyo ukiibandika nene inakudanganya, juu kavu na tumboni bado ujiuji. Dar inawahi, Dodoma kiangazi inachelewa. Soma kopo. Juzi nimemuuliza dogo kopo linasemaje, kaniambia limeshatupwa.

6. Tepu. Ziba nayo pasipotakiwa kupakwa. Namba ya chesisi kwenye Toyota nyingi imegongwa palepale ukutani nyuma ya injini, usiipake sila wala pati, na rangi iwe nyepesi isomeke, maana siku mwenye gari anauza na namba haionekani, maelezo utakayotoa polisi ni marefu kuliko kazi uliyofanya. Na pale zinapofungwa waya za hasi acha chuma kitupu. Kuna gari hapa ilitoka kwenye rangi ikagoma kuwaka, watu wa umeme wakabadilisha betri, wakashusha stata wakaweka nyingine, kumbe bolti ya hasi imekaa juu ya praima ya epoksi, umeme haupiti. Ile stata bado iko kwenye shelfu, hakuna anayekumbuka ni ya nani.