Kupima moyo na mzunguko wa damu: mashine ije mwisho

Kuna mdogo wetu wa mwaka wa pili wa uuguzi, anakuja fildi hapa Dodoma, ameuliza mambo mawili. La kwanza, akimpima mgonjwa moyo na mzunguko wa damu aanzie wapi, maana daftari lake limeandika kuangalia, kupapasa, kugonga, kusikiliza. La pili, je, ajikamue anunue stetoskopu ya bei mbaya? Mimi nina miaka 11 kazini, nilianzia kituo cha afya upande wa Chamwino, sasa niko wodi ya watu wazima mjini. Najibu kwa makosa niliyoyafanya mwenyewe.

Kugonga weka pembeni. Kwenye mapafu kuna kazi yake, kwenye moyo sijawahi kuona kukiamua lolote.

Anza mgonjwa akiwa bado mlangoni. Anatembea au ameshikiliwa? Anamaliza sentensi au anaikatiza kuvuta pumzi? Ukimwambia alale chali, anakubali? Hapo kwenye kulala ndipo nilipoaibika. Tulifundishwa kuuliza, "Unalalia mito mingapi?" Nikamuuliza babu mmoja, akajibu, "Mmoja." Nikaandika hana shida ya pumzi akilala. Kesho yake binti yake akaniambia, "Sista, baba huu mwezi wa pili analala amekaa, kaegemea ukuta." Mto ulikuwa mmoja kweli, nyumba nzima ndio huo huo. Tangu siku ile nauliza, "Shikamoo babu. Usiku unalala au unakaa? Huwa unashtuka usingizini unatafuta hewa?" Na kama ni mzee wa Kigogo, ukitanguliza "Mbukwenyi" hata kwa lafudhi mbovu, atacheka na atakueleza hata usiyomuuliza.

Nguvu za mwili nazo ziulize kwa kazi anayoijua. Ndoo ya maji toka bombani, zamani alikuwa haitui njiani, siku hizi anaitua mara ngapi? Halafu chakula. Mgonjwa tunamwambia apunguze chumvi, anapunguza kweli, ila magadi ya kwenye mlenda hakuna aliyemtajia. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile inayoshikilia maji mwilini.

Kuhusu rangi ya ngozi, vitabu vingi vimeandikwa kwa watu weupe. Kwetu ubluu wa kukosa hewa usiutafute shavuni, mfunue mdomo, tazama ulimi na chini ya ulimi. Upungufu wa damu utafute ndani ya kope na viganjani. Kuona kama damu inafika vidoleni, kwenye kucha unabonyeza kama sekunde 5, unaachia, rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ila kwanza angalia kama kuna hina au rangi ya kucha, na mshike mkono uone kama ni wa baridi. Julai moja asubuhi, na ule upepo wetu, nilimwita daktari wa zamu mbio kwa ajili ya mtoto ambaye rangi ilichelewa kurudi. Daktari akambonyeza katikati ya kifua, rangi ikarudi papo hapo. Mtoto alikuwa na baridi tu, hakuwa amevishwa kitu cha maana.

Uvimbe ubonyeze juu ya mfupa wa ugoko, hesabu mpaka 5, uone kama shimo linabaki. Mgonjwa wa kulala kitandani siku zote, miguu yake inaweza kukudanganya, maji yameteremkia mgongoni karibu na makalio. Mgeuze upapase huko. Mshipa wa shingo unaorudisha damu moyoni unautazama mgonjwa akiwa ameinuliwa nyuzi 45. Kitanda kisiponyanyuka, kunja mablanketi umwekee mgongoni.

Sasa mapigo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Alikuja mama wa miaka 29, ametibiwa pumu mara mbili kwingine bila nafuu. Mashine ya presha ikaonyesha mapigo 88, nikataka kuyaandika nipite. Sijui nini kilinifanya nimshike kifundo cha mkono. Mapigo hayakuwa na mpangilio wowote: mawili ya haraka, kimya, moja dhaifu, moja kubwa. Nikamwita mwenzangu. Yeye akahesabu mkononi, mimi nikasikiliza kwenye ncha ya moyo, kifuani kushoto, wote tukitazama saa ile ile kwa dakika nzima. Mimi 128, yeye 94. Mapigo 34 yalikuwa yanapigwa kifuani lakini hayafiki mkononi, kwa sababu moyo ulikuwa unapiga kabla haujajaa damu. Eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ikaonyesha vali (mlango wa damu ndani ya moyo) ya upande wa kushoto imebana, alama ya homa ya rumatiki, ile inayofuatia maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri. Siku hizi angalau mabingwa wa moyo wako hapa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, si kila mtu anaandikiwa safari ya Taasisi ya Jakaya Kikwete kule Dar. Mapigo yasiyo na mpangilio usiyahesabu kwa sekunde 15 ukazidisha kwa 4. Dakika nzima.

Presha: apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, asiikunje nne, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili.

Kusikiliza ndiko wanafunzi wanakokuogopa, ila kwa kuanzia hutakiwi kujua jina la kila mvumo, yaani sauti ya ziada ya damu ikipita moyoni. Jua panaposikika: nafasi ya pili ya mbavu kulia na kushoto mwa mfupa wa kifua, ya nne kushoto, kisha ya tano kwenye mstari unaoshuka toka katikati ya mtulinga. Ukichanganyikiwa sauti ipi ya moyo ni ya kwanza kati ya zile mbili, weka vidole taratibu kwenye mshipa mmoja wa shingo unaodunda, kamwe si yote miwili kwa pamoja. Pigo la shingoni huenda na sauti ya kwanza. Mvumo wa yule mama ulikuwa mzito wa chini, niliusikia alipogeukia ubavu wa kushoto nikatumia upande mdogo wa stetoskopu.

Kwa hiyo stetoskopu: nunua ya kawaida yenye pande mbili, mpira usiwe na ufa, ncha za masikioni zielekee mbele. Hela itakayobaki nunua saa yenye mshale wa sekunde.