Dereva wa treni analipwa kupita kiasi? Piga hesabu ya saa, siyo ya mwaka

Mleta mada ameuliza hivi: dereva wa treni hana usukani, hakwepi pikipiki, kazi yake ni mpini mmoja na kiti. Kwa nini basi alipwe kuliko dereva wa basi, na mahali pengine hata kuliko muuguzi? Wengi waliochangia wametaja jumla ya mwaka wakaishia hapo. Mimi naona mshahara ule ni halali yake, ila sababu siyo ile inayotajwa kila siku kwamba amebeba roho za watu. Dereva wa basi naye amebeba roho za watu.

Tuanze na huo mpini. Treni ya abiria ikiwa kwenye 160 km kwa saa inakata mita 44 kila sekunde. Breki nzuri, reli kavu, mwendo unapungua kama mita 0.9 kwa sekunde kila sekunde inayopita. Piga hesabu: mpaka isimame imeshakula mita 1,100 hivi. Reli ikiwa na umande au majani yaliyopondwa na magurudumu, breki ile ile ikashuka hadi 0.5, umbali unakaribia kilomita 2. Ni chuma juu ya chuma, hakuna mpira wa kung'ang'ania lami. Kwa hiyo mahali pa kuanza kufunga breki mara nyingi panapita kabla stesheni yenyewe haijaonekana, na usiku au kwenye ukungu dereva anategemea alama alizokariri: daraja, nguzo fulani, sehemu ambapo mlio wa magurudumu unabadilika.

Treni ya mizigo ni ngumu zaidi, na hapa ndipo pesa ya dereva inapopatikana. Chukua mabehewa ya mfumo wa Kimarekani, ambayo breki zake zikiachia zinaachia zote kwa mkupuo. Bomba kuu la hewa linalopita chini ya treni nzima hukaa na paundi 90 kwa inchi ya mraba. Dereva akipunguza paundi 6 hadi 8, breki zinaanza kushika. Akipunguza kama 26, amefunga zote. Lakini hewa inayosukuma breki haitoki kwenye kichwa cha treni moja kwa moja. Inatoka kwenye tangi dogo chini ya kila behewa, na tangi hilo linajazwa kupitia bomba lile lile, polepole, na treni ikiwa ndefu mabehewa ya nyuma yanachelewa zaidi. Sasa weka treni hiyo kwenye mteremko mrefu. Asiyeijua kazi anafunga, anaachia, anafunga tena, kila mara kabla matangi hayajajaa. Baada ya mizunguko michache anavuta mpini na chini hakuna hewa ya kutosha kushika chochote. Anayeijua anaanza kushuka na mwendo mdogo tangu juu kabisa, anaishikilia treni kwa mota za umeme za kichwa, anafunga hewa kidogo na mapema, na haiachii mpaka awe na uhakika. Ukimtazama kwa nje utadhani hafanyi kitu, mkono umetulia tu.

Kuna na kukaa macho. Treni nyingi zina kanyagio la usalama, la kuonyesha kwamba dereva yuko macho. Kwenye mfumo wa Ujerumani, ukilikanyaga bila kuliachia, baada ya sekunde 30 taa inawaka. Usipoitika, sekunde 2.5 baadaye inalia kengele, na sekunde 2.5 nyingine treni inajifunga breki yenyewe. Dereva anayeliachia na kulikanyaga tena ndani ya kila sekunde 30 atafanya hivyo zaidi ya mara 700 katika saa 6 za kuendesha, pamoja na zamu iliyoanza saa tisa usiku leo na saa nane mchana wiki ijayo. Mwili hauzoei zamu za namna hiyo, hata ukifanya miaka 20.

Sasa hesabu ya mshahara. Mtu akitaja pesa ya dereva wa treni, muulize kwanza: hiyo ni ya msingi, au umejumlisha posho na saa za ziada? Tufanye mfano, bila kutaja sarafu ya nchi yoyote. Msingi wa mwezi 100, posho za usiku na za safari 27, saa za ziada 28. Jumla 155. Mtu wa ofisini analipwa 110 na posho hana. Pengo linaonekana kubwa. Lakini yule wa ofisini amefanya saa 160. Dereva amefanya 160 za rosta, 30 za ziada, na saa 40 amelala kwenye nyumba ya mapumziko mwisho wa njia, mbali na kwake, akisubiri treni ya kurudi, bila ruhusa ya kunywa bia wala kwenda popote pa maana. Gawa 155 kwa 230 unapata 0.67 kwa saa. Gawa 110 kwa 160 unapata 0.69. Aliyeonekana tajiri ameshuka chini ya mwenzake.

Najua kuna watakaosema saa za kulala siyo kazi. Zihesabu nusu basi, inakuja 0.74. Na dereva wa treni za mjini anayerudi kwake kila siku hana hizo 40 kabisa, yeye yuko kwenye 0.82. Ndiyo maana haifai kuwaweka madereva wote kwenye kapu moja: wa masafa marefu na wa mjini wana leseni moja, maisha mawili.

Tuje kwa dereva wa basi, maana hapa ndipo hoja ya mleta mada ina nguvu. Kwa mikono na macho, basi ni kazi nzito zaidi: msongamano, watembea kwa miguu, abiria wanaogombana nyuma yako. Anayelipwa visivyo haki kati ya hawa wawili ni yeye. Analipwa kidogo kwa sababu leseni yake inapatikana kwa mafunzo ya wiki chache, walio nayo ni wengi, na akiondoka asubuhi jioni kiti kina mtu. Dereva wa treni huandaliwa kwa mwaka mmoja, kuna pengine zaidi, na akishafaulu bado haruhusiwi kuendesha popote. Ulaya, sheria ya mwaka 2007 imetenganisha karatasi mbili: leseni, ambayo ni mali ya dereva mwenyewe, na cheti kinachotaja njia gani na aina gani ya treni anaruhusiwa. Njia asiyoijua anapanda kwanza na mwenzake anayeijua, usiku na mchana, mpaka athibitishwe. Huwezi kumpigia wakala wa vibarua akuletee mtu wa kesho.

Uingereza walijifunza hilo kwa gharama. Reli ilipobinafsishwa miaka ya 1990 na treni zikagawiwa kampuni nyingi, zilizotaka kukwepa gharama ya kufundisha zikaanza kunyang'anyana madereva waliokwisha iva, na mishahara ikapanda. Kwenye nchi yenye shirika moja tu la reli mambo hugeuka: cheti chako hakina mnunuzi mwingine, shirika linajua, na pasipo chama cha wafanyakazi chenye meno dereva yule yule mwenye ujuzi ule ule analipwa kiduchu. Ujuzi haujabadilika hata chembe, kilichobadilika ni idadi ya milango anayoweza kubisha.

Muuguzi sitamlinganisha kwa undani. Naye hapatikani kwa wiki mbili, naye anakesha, na analipwa chini kwa sababu anayemlipa ana bajeti ya umma na anajua hataacha wagonjwa. Kumshusha dereva wa treni hakutampandisha muuguzi hata senti.

Mnaopanga kuingia kazi hii, msiangalie jumla, angalieni msingi. Pensheni mara nyingi hukokotolewa kwenye msingi, posho hazimo, kwa hiyo yule wa 155 atastaafu kama mtu wa 100. Pili, uliza likitokea tatizo la afya utalipwa nini. Ulaya kipimo cha afya ni kila baada ya miaka 3 au chini ya hapo, na ukivuka 55 ni kila mwaka. Macho yakianza kuchanganya rangi za taa, au ukipata kifafa, unatoka kwenye kichwa cha treni siku hiyo hiyo, na cheti chako hakiendeshi kitu kingine. Uliza pia ukigonga mtu relini utapumzishwa siku ngapi, na kama posho zinakatwa ukiwa umepumzishwa. Zikiwa zinakatwa, watu hurudi kazini kabla hawajapona.

Tatu, kataa bonasi ya kuwahi. Huko Amagasaki, Japani, tarehe 25 Aprili 2005, treni iliyochelewa kama dakika moja na nusu iliingia kwenye kona ya 70 km kwa saa ikiwa kwenye 116. Walikufa watu 107, akiwemo dereva mwenye miaka 23. Alikuwa ameipitiliza stesheni iliyotangulia, na uchunguzi ulieleza jinsi alivyokuwa akiogopa adhabu za kazini. Mwajiri akikuwekea pesa juu ya dakika, omba pesa hiyo iingizwe kwenye msingi, hata ikiwa pungufu kidogo.