Kuhamia chuo kikuu kusomea kompyuta kutoka chuo cha jamii California: aanze na hisabati

Ndugu muulizaji, umesema mdogo wako ameanza chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) huko California akilenga kuhamia chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta, na kwamba amepangiwa masomo ya jumla pekee muhula wa kwanza ili azoee mazingira. Mimi hufundisha wanafunzi wa aina yake katika kituo cha MESA (mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa hisabati, uhandisi na sayansi) cha chuo kimojawapo cha jamii, na naona kwamba ushauri huo, ingawa umetolewa kwa nia njema, unaweza kumchelewesha mwaka mzima.

Tatizo ni kalenda. Anayetaka kuingia Chuo Kikuu cha California baada ya miaka miwili hutuma maombi katika miezi ya Oktoba na Novemba ya mwaka wa pili, wakati alama alizo nazo ni za mwaka wa kwanza tu, na kozi za msingi zinazobaki hutakiwa ziwe zimekamilika ifikapo Juni. Kozi hizo hutegemeana: katika hisabati, kalkulasi ya kwanza hutangulia ya pili, na utangulizi wa uandishi wa programu hutangulia miundo ya data, ambayo vyuo vidogo vingine huifundisha muhula mmoja tu kwa mwaka. Masomo ya jumla hayana mfuatano huo, kwa hiyo yanaweza kuchomekwa popote penye nafasi.

Kaeni pamoja mfungue tovuti ya ASSIST, inayolinganisha kozi za vyuo vya jamii na za vyuo vikuu vya umma vya California, mchague chuo chake na kila chuo kikuu anachokitamani, kisha msome mstari kwa mstari ni kozi ipi inakubalika badala ya ipi. Binti mmoja wa familia ya Kikongo niliyemfundisha, aliyekuwa akifanya kazi ya ghala usiku, aligundua kwa njia hiyo kwamba chuo chetu hakikuwa na kozi ya hisabati diskriti inayolingana na ile iliyotakiwa. Akaisoma jioni katika chuo jirani, jambo ambalo taratibu zinaliruhusu. Wenye kaka au dada waliopita njia hiyo huambiwa mambo haya nyumbani, lakini wanafunzi wetu wengi hawana wa kuwaambia.

Msitegemee mno TAG, yaani dhamana ya kupokewa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha California, inayoombwa mwezi wa Septemba. Kampasi za Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo, na baadhi ya kampasi sita zinazoitoa huiacha sayansi ya kompyuta nje. Shahada ya awali ya uhamisho, inayopatikana chuo cha jamii na iliyoanzishwa kwa sheria ya 2010, humhakikishia nafasi katika mfumo wa CSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la California, ulio tofauti na Chuo Kikuu cha California), ila si lazima iwe katika kampasi anayoitaka.

Kama bado anaruhusiwa kuongeza kozi, aombe kalkulasi wiki hii hii. Kama muda umepita, aulize iwapo itafundishwa Januari katika kipindi kifupi cha majira ya baridi, na ajiunge na MESA ya chuoni kwake, ikiwepo, kabla ya kujiandikisha muhula ujao.